Kicheko cha Dakika ya Arobaini na Moja

Nchi ninayoisimulia jina lake halitajwi bila kibali, na kibali sina, kwa hiyo tutaiita nchi ile. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wanaoijua wanaijua, na msioijua mshukuruni Mungu mkalale. Ni nchi nzuri mno. Wananchi wake wana furaha, na kama huamini, furaha hiyo imeandikwa kwenye katiba, ibara ya tatu, pamoja na adhabu yake.

Katika nchi ile, kila mwaka mwezi wa Juni, hufanyika Tamasha la Kimataifa la Sinema Zilizokwisha Kuidhinishwa. Tiketi zake haziuzwi hata ubebe noti kwa gunia. Ni bure, lakini lazima uzistahili. Zamani watu waliingia tu, wakakaa, wakatazama, na ndipo yakatokea yaliyotokea. Mkuu wa Nchi alionekana kwenye sinema akipanda mti, mti ukaanguka, na watu tisa wa safu ya nyuma wakacheka. Watu tisa hao wanapumzika kusini mpaka leo, na nasikia hewa ya huko ni safi. Baada yao ikaundwa Idara ya Hisia za Umma, ili raia asihangaike tena kukisia anatakiwa ahisi nini.

Idara hiyo ndiyo hutoa Ratiba ya Hisia, karatasi ya njano inayobandikwa mitaani miezi miwili kabla ya tamasha. Ratiba haikwambii sinema inahusu nini, maana hiyo ni siri ya dola mpaka taa zizimwe. Inakwambia dakika na hisia, basi. Dakika ya tatu, fahari, sekunde kumi na tano. Dakika ya kumi na mbili, huzuni ya wastani, bila machozi. Sasa watu wa nchi ile, ambao magazeti yao huwa na picha ya Mkuu ukurasa wa kwanza na picha ya Mkuu kwa pembeni ukurasa wa mwisho, wamejizoesha kuisoma Ratiba kama habari. Wakiona huzuni dakika za mwanzo, wanawahi dukani kabla mchele haujaadimika. Wakiona mshangao, wanaficha baiskeli. Mara nyingi hupatia, kwa hiyo msimcheke Bi Kazija kwa alichokifanya.

*

Bi Kazija alikuwa mshona magodoro wa mtaa wa Machinjioni, mjane, mwenye mtoto mmoja tu duniani. Mtoto huyo, Haidari, alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kuchomelea vyuma, na masihara yake yalipita kiasi. Aliwahi kuingia ndani analia kwamba mashine imemkata mkono. Bi Kazija akatoka mbio bila viatu kuita majirani, na waliporudi walimkuta mkono kauficha ndani ya shati, anakula wali kwa ule mwingine. Mama yake alimtukana matusi yote aliyoyajua, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi wa Novemba Haidari akapata kazi kwenye Daraja la Mshikamano. Daraja lile, niwe mkweli, halikujengwa ili watu wavuke. Lilijengwa ili lipigwe picha. Upande mmoja ulikuwa wa chuma na upande wa pili wa mbao zilizopakwa rangi ya chuma, kwa sababu kamera ilikuwa moja. Chini yake palikuwa na bonde la mawe matupu. Mto wenyewe ulikuwa bado uko kwenye bajeti. Kila asubuhi Haidari akitoka, Bi Kazija alimkabidhi bakuli la chakula na kumwambia, "Shika vizuri, baba." Naye hujibu, "Nimeshika, mama, mpaka vidole vinalalamika."

Tarehe nane Januari alitoka hivyo hivyo, na hakurudi.

Siku ya tatu ikaja barua. Iliandikwa kwa adabu kubwa. Ilisema Ofisi ya Daraja inasikitika kumwarifu kwamba mwanawe ametoroka kazi, na kwamba ametoroka na mali ya serikali, yaani kofia moja ya njano na jozi moja ya buti. Pamoja na barua walikuja mafundi wawili wa rangi, wakachora herufi M nyekundu mlangoni, ndiyo alama ya nyumba ya mtoro. Nyumba yenye M huchota maji baada ya watu wote, na hairuhusiwi kusalimiwa. Majirani wa Bi Kazija walikuwa watu wema, wakawa wanamsalimia kwa kukohoa.

Wiki mbili baadaye akaja Shomvi, aliyekuwa akichomelea pamoja na Haidari. Alileta lile bakuli. Alisimama mlangoni, amelikumbatia kifuani, hataki kuingia.

"Mwanangu yuko wapi?" Bi Kazija akamuuliza.

"Mama, nimesaini karatasi ya kutosema."

"Basi usiseme. Nitazame tu."

Shomvi hakumtazama. "Hawakuniandikia nisitaje namba," akasema. "Ile sinema ya daraja itaonyeshwa Juni. Dakika ya arobaini na moja."

"Yumo?"

"Dakika ya arobaini na moja, mama."

Akamkaribisha chai, akakataa. Bi Kazija alichukulia kwamba kijana ana haraka.

*

Ratiba ilipobandikwa, Bi Kazija alikuwa wa kwanza kufika ubaoni, na kwa kuwa alikuwa na M ilibidi awe wa mwisho kusoma. Akangoja juani mpaka watu wakaisha. Kisha akasogea, akaweka kidole juu ya karatasi ya njano, akateremka nacho pole pole. Arobaini, fahari. Arobaini na mbili, makofi, sekunde thelathini. Na katikati yao: arobaini na moja, kicheko, cha tumboni, sekunde nane.

Alirudia kusoma mara tatu. Halafu alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Januari, alitabasamu. Kicheko! Mtoto yule amefanya masihara mbele ya kamera, wamempenda, wamemchukua waigizaji, wamempeleka huko wanakopelekwa waigizaji. Ofisi ya Daraja haikuarifiwa, ikaandika mtoro. Mambo kama hayo hutokea kila siku. Idara moja haijui ya mwenzake. Mtu anayechekesha taifa zima kwa sekunde nane, tena kicheko cha tumboni, hawezi kuwa mahali pabaya.

Alirudi nyumbani akafumua godoro la Haidari, akatoa sufi kuukuu yote, akajaza mpya, akalishona upya kwa uzi maradufu. Jirani yake Somoe alipita akakohoa. Bi Kazija akakohoa kwa furaha mpaka Somoe akadhani anaumwa.

Kilichobaki kilikuwa tiketi.

*

Mwombaji wa tiketi hujaza kwanza Mpango wa Matembezi, kitabu cha maswali sitini na manne. Utaingia ukumbini kwa mguu upi. Utakaa na nani, na mkiishiwa mazungumzo mtazungumza nini. Utatamani kula nini wakati wa mapumziko, na kisipokuwepo utashukuru vipi. Swali la kumi na tisa liliuliza kama mwombaji ana ndugu anayeonekana kwenye sinema, maana ndugu hawaruhusiwi. Ndugu huharibu Ratiba. Bi Kazija alisita, akaandika ukweli wa serikali: mwanawe ni mtoro. Karani wa dirisha la tatu akaridhika kabisa. Mtoro hawezi kuwemo ndani ya sinema ya taifa, alisema, huo ni ukinzani.

Lakini alipofika swali la arobaini na saba, karani akainua kalamu.

"Choo," akasema. "Umeandika hutakwenda."

"Sitakwenda, mwanangu."

"Sinema ni saa mbili."

"Nitajizuia."

"Bibi, choo ni haki ya kila raia, tuliletewa na Mkuu mwenyewe. Unaikataa?"

Bi Kazija akasema haikatai hata kidogo. Karani akafungua daftari la zamu, akateremka na ukurasa, akapata nafasi moja iliyobaki. "Dakika ya arobaini mpaka ya arobaini na tatu. Mlango wa kushoto. Askari atakusindikiza."

Bi Kazija akasogea karibu zaidi na dirisha. "Niwekee nyingine yoyote, mwanangu. Niwekee ya kwanza kabisa."

"Ya kwanza ni ya wajawazito."

"Basi ya mwisho."

"Ya mwisho ni ya mawaziri."

"Hakuna mtu asiyepangiwa choo?"

Karani alifikiri, kwa sababu alikuwa mtumishi mwaminifu na alipenda kutoa majibu kamili. "Wako wa aina mbili," akasema. "Maiti na Viongozi wa Hisia."

"Hao Viongozi wa Hisia wanapatikanaje?"

"Kwa mtihani. Hisia ipi?"

"Kicheko," akasema Bi Kazija.

*

Mitihani ilifanyika ndani ya bwawa la kuogelea la michezo, lililokaushwa mwaka ule walipogundua kwamba waogeleaji wa taifa wanaogelea kuelekea nje. Watahiniwa walisimama upande wa kina kirefu, kwa sababu ya mwangwi. Mtahini alikuwa Bwana Pazi, zamani mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu mpole mwenye kengele mkono mmoja na futi ya fundi cherehani mkono wa pili. Alimfunga kila mmoja kitambaa cheusi machoni, maana anayeona hushawishika kuhisi mwenyewe. Akamzungushia ile futi tumboni. Kisha akapiga kengele.

Kabla ya Bi Kazija alitahiniwa jaji mstaafu, akacheka kwa meno matupu. Futi haikusogea hata nukta moja. Akafelishwa, akaondoka akiomba radhi kwa tumbo lake. Akafuata mama mmoja aliyecheka vizuri sana sekunde sita, kisha akaanza kulia. Naye akaandikiwa kwamba amechanganya masomo.

"Namba mia mbili na nne," akaita Bwana Pazi. "Mama, ukisikia kengele, cheka. Ya pili ikilia, acha."

Gizani mle Bi Kazija hakuwaza mtihani. Alimwona Haidari anakula wali kwa mkono mmoja, shavu limevimba, macho yanacheka kabla ya mdomo. Kengele ikalia. Kikamtoka kicheko kilichokaa ndani yake tangu Januari hakina pa kwenda, kikapiga ukuta wa bwawa, kikarudi, kikampiga Bwana Pazi. Futi ikamteleza mtahini mkononi. Naye akacheka, kazini, saa za serikali, na alipojikuta anafanya hivyo akachukua karatasi, akajiandikia onyo.

"Mama, hiki umekitoa wapi?" akauliza huku akijifuta macho.

"Nyumbani, baba."

Kwa jambo kubwa namna hiyo ilibidi aitwe Kamishna wa Tamasha mwenyewe, Mheshimiwa Ngwilizi, ambaye alikuja na watu wanne wa kumbebea miwani. Bi Kazija akacheka tena mbele yake. Kamishna alisikiliza amefumba macho, kisha akakohoa kidogo, na wale wanne wakatoa kalamu.

"Ndugu wananchi," akasema, ijapokuwa mle bwawani walikuwa watu saba tu, "wako maadui wanaodai kwamba kicheko chetu kinashurutishwa. Leo nimesikia kicheko kisichoshurutishwa, kilichopatikana kwa kufuata taratibu zote za kushurutisha. Kicheko hiki si mali ya mama huyu tena. Ni rasilimali. Kuanzia sasa, dakika ya arobaini na moja, hakuna raia atakayecheka kabla yake wala bila yake."

Akambandika beji ya shaba. Bi Kazija akauliza jambo moja tu, kama Kiongozi hukaa mahali anapoiona sinema vizuri.

"Mbele kabisa," akasema Kamishna. "Mbele ya kila mtu."

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, Ukumbi wa Fahari. Somoe alikuwa amemkoholea asubuhi, akamwachia kizingitini doti ya kanga mpya na viatu vya ngozi, vikubwa kidogo. Bi Kazija alijaza pamba mbele, akatoka akitembea kama bibi harusi. Nyuma yake aliacha godoro limetandikwa, na shuka, na sufuria ya wali juu ya jiko, imefunikwa. Akili yake ilimwambia kwamba waigizaji huletwa kwenye tamasha. Huenda hata wakarudi pamoja.

Wakamkalisha kwenye kigoda mbele ya safu ya kwanza, akawaelekezea watu ubavu wake, shingo ameigeuzia kwenye pazia. Chini ya kidevu chake waliweka taa ndogo inayomulika mdomo tu. Nyuma yake walikaa watu elfu mbili wenye Ratiba mapajani, na katikati yao wageni watatu kutoka nchi za nje, majaji wa tuzo, ambao hawakupewa Ratiba kwa sababu ilisahauliwa kutafsiriwa. Mtu aliyesahau anapumzika kusini.

Sinema ikaanza. Sitawaeleza dakika arobaini za kwanza; Mkuu alitazama nondo, Mkuu akatazama saruji, Mkuu akatazama mafundi wakimtazama. Watu wakaona fahari pale palipopangwa. Wakahuzunika kwa wastani. Bi Kazija hakuona lolote kati ya hayo, alikuwa akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani, mdomo wake umekauka ndani ya ile taa.

Arobaini na moja.

Haidari akatokea. Alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Kofia ya njano, na lile shati la buluu lenye kiraka kwenye kiwiko, kiraka alichokishona Bi Kazija mwenyewe, mishono yake ilionekana mmoja mmoja. Haidari akageuka akatazama kamera. Lazima aliambiwa awasalimie watu wa nyumbani, kwa sababu aliinua mkono wa kulia akaupunga, na lile tabasamu likaanza machoni kabla ya mdomo. Bi Kazija naye akainua mkono pale kwenye kigoda. Tumbo lake lilikuwa tayari, kicheko kilikuwa kimeshapanda mpaka kooni. Haidari, huku anapunga, akaegemeza mgongo kwenye ukingo wa daraja, upande wa mbao.

Ukingo ukafunguka kama mlango. Akaenda nao, mkono bado uko juu.

Aliyeshika kamera hakuiondoa. Ikabaki inatazama ile nafasi, mbao mbili zinaning'inia na anga nyuma yake, sekunde nane, na juu ya sekunde hizo nane Idara ilikuwa imeweka tarumbeta ya kuchekesha, pwee, pwaa.

Watu elfu mbili wakautazama mdomo wa Bi Kazija. Ulikuwa wazi. Taa ilimulika meno, ulimi, mpaka koo lake lilionekana, na hakuna kitu kilichotoka. Wengi wao vicheko vyao vilikuwa vimeshajaa mashavuni, lakini sheria ni sheria, hakuna wa kucheka bila yeye. Mawaziri walibana pumzi. Kamishna alikuwa anahesabu kwa vidole. Tarumbeta ililia peke yake ndani ya ukumbi ule, na kwa mara ya kwanza tangu nchi ile ipate jina lisilotajwa, watu elfu mbili walimwona mtu anakufa wakakaa kimya.

Kisha ikafika arobaini na mbili, na wote wakapiga makofi sekunde thelathini kama ilivyopangwa. Mmoja wa wale wageni alivua miwani akajifuta. Aliwanong'oneza wenzake kwamba hajawahi kuona serikali yenye ujasiri wa namna hii.

*

Jioni ile sinema ikapewa Tuzo ya Ujasiri. Kamishna Ngwilizi akapanda jukwaani, akaipokea kwa mikono miwili, akasema kimya kile kilikuwa matokeo ya miaka mitatu ya utafiti wa Idara, na kwamba nchi nyingine zinakaribishwa kuja kujifunza kunyamaza. Asubuhi Ratiba zote za njano zilibanduliwa, zikabandikwa mpya. Dakika ya arobaini na moja, kimya, kizito, sekunde nane. Raia waliokutwa wamehifadhi ile ya zamani walipewa nafasi ya kupumzika.

Bi Kazija aliitwa ofisini kwa Kamishna. Alikwenda na zile kanga za jana, hakuwa amezivua. Tuzo ilikuwa juu ya meza.

"Nimemwona mwanangu," akasema, kabla ya kuambiwa akae. "Hakutoroka. Futeni ile alama, mniambie mmemzika wapi."

Kamishna hakukasirika. Alivuta faili, akavaa miwani, akawa kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito. "Mama, kazi pale darajani huisha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Kwenye picha, wataalamu wetu wamepima kivuli cha ile kofia. Ni saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi yuko kazini, saa nne na sekunde tano hayupo. Ameondoka au hajaondoka?"

"Ameanguka."

"Upande aliouelekea tutauacha, huo ni ufundi. Aliomba ruhusa?"

Bi Kazija akaitazama ile tuzo mezani.

"Na ule mkono," Kamishna akaendelea kwa upole. "Aliufanya nini?"

"Aliupunga."

"Aliaga," akasema Kamishna, na mmoja wa wale wanne akaandika. "Mtu anayeaga anajua anaondoka. Mpaka jana, mama, tulikuwa na mashaka kidogo kuhusu mwanao, nakwambia ukweli. Sasa tuna ushahidi, tena ushahidi uliopata tuzo ya kimataifa. Pia kuna ule ukingo aliouharibu, lakini kwa kuwa tumefurahi, hilo tumelisamehe."

Kosa la Bi Kazija mwenyewe, la kushindwa kucheka akiwa kazini, nalo lilifutwa, kwa sababu sasa lilikuwa utafiti wa miaka mitatu. Walichukua beji tu. Aliporudia swali la kaburi, walifunga faili. Mtoro hana kaburi, huo ni ukinzani. Alipofika nyumbani alikuta wale mafundi wawili wanaipaka M rangi ya pili, iwake zaidi, na mmoja alimwomba maji ya kuoshea brashi, akampa.

*

Sinema ilibakiwa na siku nne za kuonyeshwa, kisha ingefungiwa kwenye kasha la chuma pamoja na tuzo, isitazamwe tena.

Bi Kazija alikaa juu ya lile godoro jipya akahesabu. Kuanzia Haidari alipotokea mpaka mgongo wake ulipogusa mbao, zilikuwa sekunde nne. Mara alipogeuka, moja. Mkono ulipopanda, mbili. Tabasamu, tatu na nne. Sekunde nne mwanawe yuko hai, na ni mkubwa kuliko nyumba, na anamwangalia yeye. Hakuwa na picha yake hata moja. Mtoro hufutwa daftarini, na ile ya kitambulisho waliichukua pamoja na jina. Alizitaka zile sekunde nne. Hakutaka kitu kingine duniani, wala haki, wala kaburi.

Akarudi dirisha la tatu, akajaza maswali sitini na manne. Kwenye la arobaini na saba aliandika: dakika ya arobaini na moja, kuanzia sekunde ya tano. Karani alisoma, akapiga muhuri bila neno, akafurahi kuona raia aliyebadilika.

Ulibaki mtihani, ambao tangu tuzo kila mtazamaji alitakiwa kuufaulu, na sasa ulikuwa wa kimya. Bi Kazija hakuuhofia. Nyumbani alijizoeza ameweka maji mdomoni, akakaa hivyo robo saa nzima bila tone kutoka. Na angesema na nani? Majirani walikuwa wameacha hata kukohoa.

Siku ya kwanza alisimama bwawani upande wa kina kirefu. Bwana Pazi akamfunga kitambaa machoni, taratibu, akaepuka nywele zake. Akamwekea futi, safari hii kooni. Akapiga kengele.

Gizani Haidari akageuka, akainua mkono, akaanza kurudi nyuma.

"Shika vizuri, baba," akasema Bi Kazija.

Akafelishwa. Siku ya pili alikuja amefunga kidevu kwa kanga, kama anayeumwa jino. Kengele ikalia, akasema maneno yale yale ndani ya kanga, na futi ikayasoma. Siku ya tatu alikuja na maji mdomoni. Yalimtoka yote, yakamlowesha Bwana Pazi mkono wenye kengele, na nyuma ya maji yakaja maneno.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho, na waliokuja bwawani walikuwa wachache. Bwana Pazi hakumfunga kitambaa mara moja. Alitazama kwanza kulia na kushoto.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ni sekunde nane tu za kunyamaza. Nitaipiga ya pili mapema. Nipe sita. Nipe hata tano."

"Nitakupa, baba."

"Ukisikia kengele, usimwone mtu yeyote. Ona ukuta."

"Nitaona ukuta."

Akamfunga kitambaa. Bi Kazija akasimama wima, mikono imeshika kanga, akauona ukuta, akaona vigae vyake vya buluu kimoja baada ya kingine. Kengele ikalia. Ikapita sekunde moja. Ikapita ya pili, na ya tatu, na Bwana Pazi akainua mkono haraka apige ya kumaliza.

"Shika vizuri, baba," akasema Bi Kazija. "Shika, mwanangu, ni mbao hizo."

Bwana Pazi alisimama na kengele yake muda mrefu kuliko taratibu zinavyoruhusu. Kisha akamfungua kitambaa, akakikunja, akaandika kwenye fomu kwamba mtahiniwa amezungumza, akaita namba inayofuata.